Jukwaani, studio, chuoni au chumbani: ufundi wa sauti uanzie wapi?

Miezi sita ya kwanza kazi yangu ilikuwa kukunja waya. Kanisani kwetu, Dar es Salaam, palikuwa na mzee wa mitambo tuliyemwita Mwalimu, na hakumruhusu mtu kugusa miksa, meza ya kuchanganyia sauti, kabla hajajua kukunja waya wa maikrofoni: duara moja unalipeleka juu, linalofuata unalipindulia chini, ili waya usijisokote na nyuzi za ndani zisikatike. Nilikunja, nikakunjua, nikakunja tena. Miaka mitatu baadaye niliingia studio moja ya mtaani nikiamini kwamba sauti naijua. Nikapewa hedifoni, nikaambiwa nisafishe sauti ya mwimbaji ikae juu ya biti. Sikuweza. Kijana aliyekaa pembeni yangu, mdogo kwangu kwa miaka minne, alimaliza kazi ile kwa dakika 20. Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana huyohuyo twende naye harusini. Maikrofoni ya mshereheshaji ilipoanza kupiga mluzi, alizima miksa nzima.

Wote wawili tulikuwa tumejifunza kwa bidii, ila tuliingilia milango tofauti. Kila mlango unakupa kitu na kukunyima kingine, na hilo ndilo ninalotaka msomaji alione kabla hajatoa ada au kununua kifaa cha kwanza. Milango ninayoijua ni minne: kujifunza kwenye mitambo ya jukwaani, kukaa chini ya prodyuza studio, kwenda chuo, na kujifunza mwenyewe chumbani kwa kompyuta.

## Vipimo vitano

Gharama ndiyo ya kwanza, nayo si fedha tu; kuna watu wanaolipa kwa mgongo, na wengine kwa miaka. Kipimo cha pili ni kusahihishwa: ukikosea, nani anakuambia, na baada ya muda gani? Cha tatu ni sikio, maana kila mlango hulizoeza kusikia vitu vyake. Cha nne ni hela ya kwanza itaingia lini. Cha mwisho watu hawakitaji mara nyingi, nacho ni mwili wako: masikio, umeme, usiku, na usalama wa kuwa mahali ulipo.

Kwangu kipimo cha pili ndicho kizito kuliko vyote. Vifaa vinaweza kuazimwa, lakini mtu asiyeambiwa kosa lake atalirudia miaka kumi.

## Jukwaani

Ninaposema jukwaani nina maana ya kanisani, kwenye maulidi, kwenye kampuni ndogo ya kukodisha mitambo ya harusi na send-off, kwenye bendi ya dansi, kwenye taarabu. Popote penye watu waliokaa wakisubiri kusikia.

Kuingia hapa ni rahisi kuliko kwingine kote kwa sababu mitambo ni ya mtu mwingine. Unacholipa ni nguvu. Utabeba spika, utapanda nyuma ya Canter pamoja na mabomba ya jukwaa, utafika nyumbani saa tisa usiku. Vifaa vyako vya mwanzo ni tochi, glovu, tepu na testa ya umeme.

Kusahihishwa kwa hapa hakusubiri. Ukumbi mzima unageuza shingo kukutazama. Mluzi ule unatokea kwa sababu maikrofoni imeisikia spika: sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maikrofoni, inazunguka na kukua hadi inapiga kelele. Mwalimu alikuwa na swali moja tu, alituuliza kila siku: "Mdogo wangu, maikrofoni inaangalia wapi, na spika inaangalia wapi?" Chukua Shure SM58, maikrofoni ambayo imekuwepo tangu 1966 na ambayo karibu kila fundi ameishika. Imeundwa isikie mbele na isisikie nyuma. Ndiyo maana monita ya mwimbaji, spika anayojisikilizia, inawekwa chini mbele yake, upande ambao mkia wa maikrofoni unaelekea. Msanii wa kufoka akiifunika ile kofia ya waya kwa kiganja, anaziba njia ambazo sauti ya nyuma hupitia ili ifutwe, na maikrofoni inaanza kusikia kila upande. Fundi mzoefu hushusha monita kidogo, kisha anamwonyesha msanii kwa mkono ashike chini. Somo hilo nililielewa siku nilipoona kiganja cha mtu na mluzi vikianza kwa pamoja.

Sikio la jukwaani hujifunza nafasi. Katika joto la Dar sauti husafiri takriban mita 350 kwa sekunde. Ukiweka spika za nyongeza mita 35 kutoka jukwaani ili watu wa nyuma wasikie, basi sauti ya mbele itawafikia sehemu moja ya kumi ya sekunde baada ya ile ya karibu yao, na kila neno la mhubiri watalisikia mara mbili. Lazima uzicheleweshe spika zile za nyuma kwa muda huohuo. Hujifunza pia kuutambua mluzi kwa jina: ule wa chini unaonguruma karibu na mizunguko 250 kwa sekunde, na ule wa kuchoma wa 2,500. Ukishaujua, unapunguza pale tu kwenye ikwalaiza, vitufe vya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, na kuacha sauti iliyobaki iishi.

Kwa Zanzibar na pwani nzima, jukwaa lina darasa lake la pekee. Jaribu kufunga maikrofoni kwa kundi la taarabu asilia: kanuni na udi, ala za nyuzi, zina sauti ndogo, fidla ziko bega kwa bega, akodiani inafunika, na dumbaki iko pembeni. Nadi Ikhwan Safaa, kundi lililopo tangu 1905, na Culture Musical Club ya 1958, muziki wao ulikua kwenye kumbi ambamo wapigaji walisikilizana wenyewe. Ukiwapandisha jukwaa la wazi, mizani ile unaibeba wewe. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004 ndani ya Ngome Kongwe, linataka wanamuziki wapige moja kwa moja, hivyo kila bendi inayobadilishana jukwaa ni mtihani wa fundi. Anayeweza kwenda akasimama nyuma ya meza ya mitambo kwa heshima, akaangalia mikono ya fundi badala ya jukwaa, atarudi na mengi.

Hela inaingia mapema, ila ndogo, na kwa shughuli. Msimu wa harusi unakula vizuri, Kwaresima au Ramadhani mfuko unanyamaza.

Sasa mwili. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka ukomo wa saa 8 kwa siku kwenye desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo unagawanywa nusu. Kwenye desibeli 100, kiwango ambacho dansi inakifikia bila taabu, unabaki na dakika 15. Fundi anayesimama mbele ya spika saa sita kila Jumamosi anauza masikio yake polepole. Vizibo vya masikio si anasa. Kingine ni umeme. Katika ukumbi mmoja nilimwona mwimbaji akipigwa shoti ya mdomo kwa sababu ampilifaya ya gitaa alilolishika ilichomekwa kwenye soketi moja na miksa kwenye nyingine, na waya wa ardhi (earth) haukuwa sawa. Alipona, lakini alikataa kuimba tena usiku ule, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo napima soketi kabla sijashusha spika hata moja.

Mlango huu unamfaa mtu mwenye moyo wa haraka, anayependa watu, asiyekwazwa na jasho. Anayetaka kurudia kitu mara hamsini hadi kikae atateseka.

## Studio, chini ya prodyuza

Muziki wa Bongo Flava ulijengwa namna hii. MJ Records ya Master Jay na Bongo Records ya P-Funk Majani ni majina ambayo kila kijana wa miaka ile aliyajua, na studio nyingi zilizofuata zilifundisha watu kwa mtindo uleule: unakaa, unaangalia, unatumwa maji, siku moja unaambiwa "shika hapo."

Gharama yake ni muda. Wengine wanatoza ada ya mwezi, wengi hawatozi, lakini utakaa miezi mingi bila kugusa kitu. Kusahihishwa kunatoka kwa mtu mmoja, na kunategemea hali yake ya siku hiyo. Prodyuza mzuri atakuchezea kazi yako na ya kwake kwa sauti ileile na kukuuliza umesikia nini. Mwingine atafuta kazi yako na kuirudia mwenyewe bila neno, na hutajua ulikosea wapi. Kabla hujajifunga kwa mtu, kaa naye siku mbili uone anasemaje na wasaidizi wake.

Sikio la studio linaingia ndani ya sauti. Unaanza kusikia pumzi, "s" zinazochoma, "p" zinazopuliza, neno lililotangulia pigo kwa kipande kidogo cha sekunde. Unajifunza kwamba mwimbaji akisogea shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni sauti inapoteza uzito, na kwamba chumba chenyewe kinaimba pamoja naye. Hapa niseme wazi jambo la trei za mayai. Studio nyingi za mtaani zimebandikwa trei ukuta mzima, nazo hazifanyi kazi inayodhaniwa: zinagusa kidogo sauti za juu na kuiacha ngurumo ya chini kama ilivyokuwa. Blanketi zito lililoning'inizwa nyuma ya mwimbaji, godoro la sufi lililosimamishwa, kabati lililojaa nguo, vyote hivyo vinasaidia zaidi.

Unajifunza pia kuikagua kazi nje ya studio. Wimbo unaovuma kwenye spika kubwa unaweza kupoteza besi nzima ukichezwa kwenye simu, na wasikilizaji wengi wako kwenye simu. Prodyuza niliyekaa naye alikuwa na redio moja ndogo ya betri juu ya rafu. Hakuna wimbo uliotoka pale bila kupita kwenye redio ile.

Lakini mlango huu una ufinyu wake. Studio nyingi zinarekodi sauti ya mtu juu ya biti iliyotengenezwa kwenye kompyuta. Unaweza kumaliza miaka minne hujawahi kuweka maikrofoni kwenye ngoma za bendi wala kwenye kwaya ya watu 40. Unajifunza ladha ya bosi wako, na ladha yake ikipitwa unapitwa naye.

Hela huchelewa. Na ikija, hakikisha jina lako limo. Vijana wengi wametengeneza biti usiku, asubuhi zikatoka kwa jina la mwenye studio. Makubaliano ya karatasi moja, yenye majina, tarehe na mgawo, yaandikwe kabla ya wimbo kutoka, kwa sababu wimbo ukishapendwa hakuna atakayekaa kuandika.

Kwa mwili, hatari ni kukaa, kukesha na hedifoni zilizopandishwa sana. Kwa mabinti kuna jambo jingine ambalo siwezi kulipita. Studio ni chumba kilichofungwa, mara nyingi na mwanamume mmoja, mara nyingi usiku. Omba vipindi vya mchana, nenda na ndugu au rafiki, na prodyuza anayekataa usindikizwe usirudi kwake. Jukwaani hatari hiyo iko zaidi kwenye safari ya kurudi usiku. Uliza mapema nani anakurudisha na kwa gari gani.

## Chuoni

Bagamoyo kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, tangu 2002, inayofundisha ala na nadharia ya muziki; si chuo cha mitambo, lakini fundi anayezijua maqamu za taarabu, yaani ngazi zake za sauti, kwa vidole vyake atachanganya sauti tofauti na asiyezijua. Nairobi, Kenya Institute of Mass Communication inaandaa watu wa redio, televisheni na filamu. Na sipendi watu wasahau vyuo vya ufundi stadi vya VETA: kozi ya umeme imewasaidia mafundi mitambo ninaowaheshimu kuliko kozi yoyote yenye neno "muziki."

Gharama iko wazi: ada, nauli, chumba, na miaka ambayo huingizi kitu. Kusahihishwa kuna ratiba, kuna mtihani, na mwalimu analipwa ili akueleze sababu. Hilo ndilo chuo kinalolitoa ambalo milango mingine hailitoi. Kwenye studio nilijua kwamba tunarekodi kwa vipimo 44,100 au 48,000 kwa sekunde. Hakuna aliyeniambia kwa nini. Aliyesoma anajua: sikio la binadamu linafika karibu mizunguko 20,000 kwa sekunde, na ili kompyuta iihifadhi sauti lazima ichukue vipimo zaidi ya mara mbili ya hapo, CD ikachagua 44,100, picha za video zikashika 48,000. Ukijua sababu, unajua lini uchague ipi.

Udhaifu uko kwenye kugusa. Wanafunzi 30 na miksa moja maana yake ni kutazama. Kabla ya kulipa, nenda chuoni na maswali yako: mwanafunzi anakaa kwenye miksa saa ngapi kwa wiki, vifaa vinavyofanya kazi ni vingapi, kazi za waliomaliza mwaka jana zisikilizwe wapi. Cheti kinafungua mlango wa redio, televisheni na ajira za serikali. Harusini hakuna atakayekiulizia.

## Chumbani

Kompyuta, hedifoni, intaneti, basi. Programu ya FL Studio ndiyo wengi wanaanzia kwa biti. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya punguzo, ya mtu binafsi au biashara ndogo, ni dola 60. Kwa kurekodi bendi au kwaya naipenda kuliko nyingine za bei hiyo. Audacity ni ya bure kabisa. Epuka programu za wizi: mbali na kuwa ni kuiba haki ya mtu, zinaingiza virusi, na siku moja mradi wako wa mwaka mzima haufunguki.

Uzuri wa chumbani ni kurudia. Unaweza kushughulika na ngoma moja usiku kucha bila kumchosha mtu. Ubaya ni kwamba hakuna anayekusahihisha, na masomo mengi ya mtandaoni yako kwa Kiingereza, yakitolewa na watu walio kwenye vyumba visivyofanana na chako. Wanaoanza hukwama mahali pamoja: wanaimba, na wanajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa. Ni suala la akiba ya vipimo (kwenye programu imeandikwa buffer) ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa. Ukiiweka 1,024 kwenye 48,000, unachelewa zaidi ya sehemu 20 za elfu ya sekunde kwa hatua hiyo peke yake. Ukiishusha 256, zinabaki tano hivi na mwimbaji anatulia. Ukimaliza kurekodi, ipandishe tena ili kompyuta ipumue. Jambo la dakika moja, lakini mimi nilihangaika nalo wiki mbili kwa sababu nilikuwa peke yangu.

Hela inaweza kuja kwa kuuza biti, au isije. Mlango huu unamfaa mwenye nidhamu, mwenye kazi nyingine ya kumlisha, na aliye tayari kuipeleka kazi yake kwa mtu anayejua na kusema, "Kaka, niambie ukweli."

## Kwa hali yako

Huna fedha na una nguvu: nenda kwenye mitambo iliyo karibu, ya kanisa au ya kukodishwa, ukubali waya. Usiku jifunze programu moja kwa kompyuta ya kuazima.

Una biti kichwani na watu wakizisikia wanatikisa vichwa: anza chumbani, zipate kumi unazoweza kuzionyesha, ndipo ukamwone prodyuza. Utaingia kama mtu mwenye kitu mkononi, na hatakuweka mwaka mzima wa kutumwa maji.

Unataka ajira ya redio au televisheni, au wazazi wanahitaji kuona karatasi: chuo, lakini kila likizo iwe jukwaani.

Una familia na kazi ya mchana: chumbani usiku, Jumapili kwenye miksa ya kanisa. Ni polepole, na wapo waliofika hivyo.

Uko mji mdogo usio na studio: usihame bado. Kwaya, kaswida, ngoma za jando na mazishi vipo, na hakuna anayevirekodi vizuri. Maikrofoni mbili na kinasa kidogo vitakufundisha kuweka maikrofoni kuliko studio yenye maikrofoni moja na biti elfu. Zamani Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi nzima ikipiga pamoja. Fundi alitakiwa awe mtu wa jukwaa na mtu wa studio kwa wakati mmoja, na tepu zile bado zinasikilizwa.

Na kama umeshakaa upande mmoja miaka mitano na unataka kuvuka, kuna daraja ninalolipendekeza kila mara. Tafuta mahali penye miksa ya kidijitali. Ile Behringer X32 iliyoenea makanisani huweza kupeleka njia 32 kwenye kompyuta kwa waya mmoja wa USB. Miksa nyingi ndogo zenye USB hupeleka njia mbili tu zilizokwisha kuchanganywa, kwa hiyo uliza kwanza. Omba ruhusa, rekodi ibada moja, kila maikrofoni kwenye njia yake, kisha ipeleke nyumbani na uichanganye upya. Sikiliza njia ya mhubiri peke yake. Utakuta kwaya nzima imo ndani yake, ngoma zimo, na spika uliyoiweka vibaya imo pia.